Ustadhi aliyeacha kuamini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Kuhusu maandishi haya

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya washauri nasaha, maofisa ustawi wa jamii, masheikh na wazee wa familia wanaoletewa mashauri ya namna hii. Majina yameondolewa, mtaa na msikiti havitajwi, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mhusika yamebadilishwa. Hakikuandikwa kumvuta mtu atoke katika dini wala kumrudisha.

Usuli

Mhusika alikuwa ustadhi wa madrasa katika moja ya mitaa ya Mwanza inayopanda mlimani, kule nyumba zilikokaa juu ya mawe. Alikuwa hajafika miaka thelathini. Alizaliwa kisiwani, upande wa Ukerewe. Baba yake alikuwa mvuvi Mwislamu, na mama yake alisilimu alipoolewa. Bibi mzaa mama alibaki Mkatoliki, na ndiye aliyemlea mpaka alipoletwa mjini kusoma dini akiwa na miaka tisa.

Kamati ya msikiti ilimlipa posho ya shilingi 120,000 kwa mwezi na kumpa chumba nyuma ya madrasa. Wazazi walipaswa kutoa shilingi 500 kwa kila mtoto siku ya Alhamisi, na yapata nusu yao ndio waliokumbuka. Khitma na maulidi vilimwongezea kidogo. Alikuwa na mke na mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi minane. Mkewe aliuza dagaa kwa sado na kwa debe, mzigo akiuchukua kwa baba yake, mfanyabiashara wa mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Baba huyo huyo alikuwa mjumbe wa kamati iliyomwajiri mkwewe.

Karani wa ofisi akiacha kuswali, mwisho wa mwezi mshahara unaingia kama kawaida. Kwa ustadhi huyu kazi, chumba, ndoa na mtaji wa mke vilifungwa kwenye fundo moja, na fundo lenyewe lilikuwa imani yake. Asiyeliona hilo tangu mwanzo atatoa ushauri mzuri kwa mtu mwingine kabisa.

Shaka ilivyoanza

Watu hudhani mambo haya huletwa na intaneti. Hapa yaliletwa na mtoto wa miaka minane, katikati ya somo la nguzo za imani. "Ustadhi, bibi yangu ni Mkristo na ndiye anayenipikia uji. Ataingia motoni?"

Mwanza swali hilo ni la kila siku. Familia nyingi zimechanganyika, na haishangazi kukuta watoto wa baba mmoja, huyu yuko madrasa na yule yuko kipaimara. Ustadhi alijibu kama alivyofundishwa. Usiku hakulala, kwa sababu bibi aliyemfikiria hakuwa wa yule mtoto.

Alianza kutafuta. Alikuta kwamba wanazuoni wamezungumza kwa kirefu kuhusu watu ambao ujumbe haukuwafikia, na kwamba Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa kale, alimwona ana udhuru hata yule ambaye ujumbe ulimfikia ukiwa umepotoshwa. Bibi yake alikuwa ameishi miaka arobaini jirani na msikiti, tena na mkwe Mwislamu. Hakumwona katika kundi lolote kati ya hayo. Swali la bibi likazaa la kadari, la kadari likazaa la upokezi wa hadithi. Alipomfuata mkubwa wake mmoja katika dini aliambiwa asome Qul-A'udhu mbili, sura fupi za kinga za mwisho wa Kurani, na asimfuate Shetani. Akazisoma. Kwa miaka miwili alifundisha asubuhi na kusoma kwenye simu usiku. Hakuna siku moja anayoweza kuitaja kuwa ndiyo aliyotoka. Anachokumbuka ni Ramadhani moja alipogundua kwamba anafunga kwa kuwaonea watu haya tu.

Kupima tatizo ni lipi

Alifika kwa mshauri akitokea zahanati. Alikuwa ametibiwa vidonda vya tumbo mara mbili bila nafuu, na alilala saa tatu kwa usiku. Muuguzi alimuuliza kama kuna jambo nyumbani, naye akalia.

Mikao miwili ya kwanza ilitumika kutenganisha mambo matatu ambayo mtaani yote huitwa "wasiwasi".

La kwanza ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia. Mwenye ugonjwa huu huosha udhu mara sita, hurudia takbira, na mawazo ya kufuru asiyoyataka humjia akatetemeka. Kwa kawaida hupoteza zaidi ya saa moja kwa siku katika kurudiarudia huko. Mtu wa namna hii haachi imani. Imani yake ndiyo inayomtesa, na anahitaji tiba. Ustadhi hakuwa na dalili hizo. Aliyatafuta maswali mwenyewe na kuyafuata kwa hoja.

La pili ni sonona, ambayo huondoa ladha ya kila kitu, ibada ikiwemo. Dodoso la maswali tisa lilitoa alama 14 kati ya 27, kiwango cha kati. Aliulizwa waziwazi kuhusu kujiua. Alisema amewahi kutamani asiamke, lakini hana mpango. Swali hilo lilirudiwa kila mkao.

La tatu ni kubadilika kwa imani yenyewe. Ili kulitenganisha na la pili aliulizwa: "Siku unazokuwa na furaha, unaamini?" Akajibu: "Siku hizo ndizo naona wazi zaidi kwamba siamini." Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko dodoso zima. Sonona ilikuwepo kweli, ila ilitokana na kuishi nyuso mbili. Kuitibu kusingerudisha imani, na haikuwa haki kumwahidi mkewe wala mkwewe kwamba itarudi.

Maamuzi na sababu zake

Ustadhi alikuja na fikra mbili tu: atangaze kila kitu Ijumaa, au anyamaze mpaka kufa. Mshauri alimwomba achore karatasi yenye safu tatu: nani anamhusu, anamdai nini, na lini. Kazi hiyo ilionyesha kwamba watu hawadai habari sawa.

Waumini walimdai jambo moja, nalo halikungoja: asiwaongoze katika swala. Alikuwa akishika nafasi ya imamu adhuhuri anapokosekana. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu swala ya mtu aliyemfuata imamu ambaye baadaye anabainika hakuwa Mwislamu na alikuwa akificha, na wapo wanaosema airudie. Kwa anayeamini, hilo ni deni kwa Mola wake. Ustadhi alimwambia imamu siku iliyofuata kwamba hapati usingizi, tumbo linamsumbua, na anaomba asipangwe kuongoza. Kila neno lilikuwa kweli.

Watoto walimdai asiwafanye uwanja wa kumalizia maswali yake. Alibaki na kusomesha herufi, tajwidi (kanuni za kusoma Kurani) na kuhifadhi, na somo la itikadi likachukuliwa na mwenzake. Kamati ilimdai kazi yao irudishwe kwa utaratibu: rejesta, daftari la michango, funguo.

Kisha ikaja riziki. Chumba cha kupanga alichokipata Nyakato kilikuwa shilingi 35,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita mkononi, yaani 210,000. Akiba yake ilikuwa 90,000. Rafiki alimtafutia kazi ya ukarani kwenye ghala la dagaa kwa 10,000 kwa siku. Kwenye karatasi inaonekana nyingi kuliko posho, lakini dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika. Ukihesabu siku ishirini za kazi kwa mwezi hutakosea sana: 200,000, na kodi na nauli zinatoka humo. Iliamuliwa afanye ukarani jioni na mapema alfajiri kwa wiki sita huku akiendelea na madrasa, mpaka kodi itimie.

Na mke? Ustadhi alitaka amwambie wakishahama, akiogopa kwamba habari ikimfikia kabla itamfikia na baba yake, na chumba kitaondoka siku hiyo. Mshauri alikubali. Uamuzi huu ndio ulioharibu zaidi.

Siri ilivyotoka

Wiki ya nne iliangukia mbalamwezi. Mwaloni hakukuwa na mzigo, mke alikuwa nyumbani, na simu ya mume ndiyo waliyotumia wote wawili kupokelea malipo ya wateja. Akitafuta ujumbe wa muamala akakuta mihadhara iliyohifadhiwa na maandishi ya mumewe mwenyewe, kurasa nyingi, mojawapo ikianza na jina la bibi yake. Hakumuuliza. Alimwambia mama yake, mama akamwambia baba, na Ijumaa baada ya isha kikao kikaitwa.

Mshauri alikuwa amemwandaa kwa siku kama hiyo kwa sentensi tatu alizozisema kwa sauti mara kadhaa: "Nina maswali ambayo sijapata majibu yake. Nilijiondoa kuongoza swala ili nisiwadhulumu. Sitaitukana dini iliyonilea." Wajumbe saba walimsikiliza. Mwenyekiti akasema, "Ustadhi, toa shahada hapa tuyamalize." Akajibu, "Mwenyekiti, nikiitoa kwa kuwaogopa nyinyi, mtakuwa mmepata nini?" Chumba kilinyamaza. Mzee mmoja akauliza nani atasomesha kesho, na mazungumzo yakageukia makabidhiano, jambo lililookoa usiku ule.

Wengine walisisitiza asomewe ruqya, yaani kisomo cha tiba. Alikubali mara moja tu, kwa masharti: mkewe awepo, isizidi saa moja, asipigwe, asifukizwe, asinyweshwe kitu. Yalitimizwa yote.

Baba mkwe alimwomba pia sheikh mmoja mzee wa msikiti mwingine akutane na ustadhi. Walikaa mara nne baada ya alasiri. Sheikh huyu hakuanza na Shetani. Alianza na hadithi iliyo katika Sahih Muslim, ya masahaba waliomlalamikia Mtume kwamba nafsini mwao hupita mambo wasiyothubutu kuyatamka, naye akawaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Akataja kisa cha Ibrahim katika Sura ya Al-Baqara aliyeomba aonyeshwe wafu wanavyofufuliwa ili moyo wake utulie. Akasimulia jinsi Al-Ghazali alivyoacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, ulimi umemgomea darasani. Kuhusu bibi alisema, "Kijana wangu, hukumu ya mtu mmoja mmoja mimi sina, na aliyekujibu kwa haraka naye hana." Ustadhi hakurudi katika imani. Lakini alama zake za sonona zilianza kushuka baada ya mkao wa pili na sheikh huyo, si baada ya mikao na mshauri.

Maswali manne ya mke

Mke alirudi kwao wiki sita. Alipokubali kukutana na mumewe mbele ya mshauri na shangazi yake, hakuleta hoja za itikadi. Alileta maswali manne. Mtoto ataendelea na madrasa? Pombe na nguruwe vitaingia ndani? Je, yeye anafanya dhambi akilala kitanda kimoja naye? Na akifa atazikwa wapi, na nani?

Mawili ya kwanza yaliandikwa siku hiyo hiyo: mtoto atasoma dini, baba hatamfundisha kinyume, nyumbani ni halali tupu, Ramadhani mume hatakula hadharani. Naye hatalazimishwa kuswali kwa maonyesho.

La tatu halikuwa la mshauri. Kwa madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, mume akiritadi, yaani akitoka katika Uislamu, baada ya wanandoa kukutana kimwili ndoa husimama mpaka eda, muda wa kungoja wa mke, iishe: vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, au kujifungua kama mke ni mjamzito. Akirudi ndani ya muda huo ndoa inaendelea bila kufungwa upya. Asiporudi, huhesabiwa imevunjika tangu siku aliyotoka. Wahanafi huiona imevunjika papo hapo. Sheikh mzee aliitaka familia isikimbilie hukumu kwa mtu anayesema ana maswali, na ihesabu muda kwa utulivu.

Bibi mzaa baba wa mke, Msukuma, alitia neno lake: "Babu yenu alikuwa mpagani mpaka anakufa, na hakuna aliyeacha kula kwake." Baba mdogo wa mke akajibu, "Mama, babu hakuingia akatoka." Sentensi hiyo ilieleza tofauti yote ya kifiqhi, yaani ya sheria ya dini, vizuri kuliko saa nzima ya maelezo.

Upande wa serikali saa ni nyingine. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu kubadili dini au imani, na kuritadi si kosa la jinai Tanzania. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 107(2), inataja kubadili dini miongoni mwa mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, pale wote wawili walipokuwa wa dini moja walipooana na dini hiyo inaona kubadili kunavunja ndoa. Na kwa kifungu cha 101, kwa kawaida shauri la talaka halifiki mahakamani kabla ya kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa hiyo mke anaweza kuambiwa na sheikh kwamba ndoa haipo tena huku serikalini akiwa bado mke wa mtu. Asipoelezwa saa zote mbili ataolewa na mwingine kwa moja na kushitakiwa kwa nyingine.

"Sasa uko kanisa gani?"

Jambo ambalo halikupangwa ni hili. Mtaani habari haikuwa kwamba ustadhi haamini. Ilikuwa kwamba ustadhi ameokoka. Mwanza kuna msikiti, kuna kanisa, na kuna wazee wa kijijini wanaoitwa wapagani. Kijana wa mjini aliyesoma dini na asiyekuwa popote hana jina, kwa hiyo watu humpa lililo karibu.

Katika wiki mbili wahubiri wawili walimtafuta. Mmoja alimwahidi shilingi 300,000 akipanda jukwaani viwanja vya Furahisha kutoa ushuhuda kama "sheikh aliyeokoka". Fedha hiyo ilizidi kodi ya miezi sita, na mfukoni alikuwa na elfu saba. Mshauri alimwomba ajiulize maswali mawili: utasema jambo usiloliamini? Na mkwe wako akiiona video hiyo, mtoto utamwona lini? Alikataa. Alishauriwa pia asijibu chochote kwenye makundi ya simu, hata kujitetea, kwa sababu kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa maneno yanayokusudia kuumiza hisia za kidini, na katika ugomvi wa usiku mtu huandika asichokusudia.

Matokeo

Mke alirudi wakaishi Nyakato kwa miezi mitatu, vitanda viwili. Eda ilipoisha baba mdogo wake aliuliza tena kuhusu ndoa, na mke akasema hawezi kuishi na swali lile kila usiku. Walikwenda baraza la usuluhishi la masheikh badala ya Baraza la Kata, kwa ombi la mke. Baraza lilitoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na Mahakama ya Mwanzo ikamaliza. Mtoto alibaki kwa mama. Sheria inadhania mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, na baba hakupinga. Hutoa 60,000 kwa mwezi na humwona kila Jumamosi. Baba mkwe humsalimia mwaloni, ila hawali pamoja. Miezi sita baada ya kikao dodoso lilitoa 6, na usingizi ulikuwa saa sita.

Uchambuzi

Kujiondoa mapema katika uimamu kulifanya kazi kubwa kuliko tulivyotarajia. Kikaoni mjumbe mmoja alikuja na shutuma ya udanganyifu tayari, ikamfia mdomoni alipogundua kwamba ustadhi hakuwa amesimama mbele ya safu kwa mwezi mzima.

Kutanguliza riziki kulikuwa sahihi, lakini kulitumika kama sababu ya kumchelewesha mke. Safu ya "anamdai nini" ilionyesha wazi kwamba yeye alidai ukweli wote, na ndiye aliyepangwa mwisho. Hoja ya kwamba angemwambia baba yake ilikuwa na nguvu, ila alimwambia vivyo hivyo, tena akiwa amejeruhiwa. Alipoulizwa baadaye kilichomuumiza hakutaja kufuru. Alitaja kwamba mtu wa zahanati alijua kabla yake. Njia ambayo ingejaribiwa ni kumwambia kwanza sehemu ndogo iliyo kweli, kwamba mumewe hana amani katika ibada na anatafuta msaada, kisha kumkaribisha mkao wa tatu. Na simu inayotumiwa na watu wawili isihesabiwe kuwa mahali pa siri.

Ruqya ina pande mbili. Masharti yalimlinda, na kukubali kwake kulionyesha hawadharau. Lakini aliyesomewa hutarajiwa kupona. Wiki ya pili watu waliuliza mbona haji msikitini, na hasira ya mara ya pili ilizidi ya kwanza. Anayekubali aseme mapema, mbele ya mashahidi, kwamba anakubali kwa heshima na hatoi ahadi.

Sheikh aliitwa na mkwe. Mshauri hakumfikiria, akidhani kiongozi wa dini ataongeza shinikizo. Hilo ni kosa la kitaaluma. Mtu aliyelelewa katika elimu hii huhitaji maswali yake yajibiwe na mwenye elimu hiyo, hata kama majibu hayatamtosha. Mwenye kuitwa achaguliwe kwa tabia. Anayeweza kusema "sina hukumu hiyo" anafaa kuliko mwenye jibu la kila kitu.

Yaliyobaki wazi

Swali la nne halikujibiwa. Ustadhi anataka kuzikwa kisiwani karibu na bibi yake. Familia ya mke inauliza mtoto atamwombea dua gani. Kwenye karatasi ya makubaliano kipengele hicho kina mstari mtupu. Mtoto akifikisha miaka saba, umri ambao dhana ile ya sheria inakoma na ambao Waislamu huanza kumwamuru mtoto kuswali, pande mbili zimekubaliana kuketi tena, na safari hii mama ndiye atakayeitisha kikao.